Fisi Niliyemwita Korongoni

Nilimwita fisi, naye akaja. Hilo ndilo jambo la kijinga nililolifanya, na naliweka hapa juu kabisa ili mtu mwingine asije akawasimulia kwa chumvi zake. Nililifanya kwa kipande cha bomba la maji, lile la plastiki, nikiwa nimejificha kwenye kichaka ambacho nilisaidia kukiotesha mwenyewe. Mbuzi wa mama yangu akaliwa, kitongoji kikagombana, na nusura kila chenye pua kule korongoni kife.

Sasa madogo, kaeni vizuri. Ninyi wa Kidato cha Kwanza ambao juzi mmepewa majembe na Mama Paskalina, haya ni ya kwenu. Mimi ni mstaafu. Msicheke. Najua ndevu zangu bado hazitoshi hata kusumbua wembe, lakini karibuni naenda Kidato cha Tano, bweni, mkoa wa mbali ambako nasikia nchi ni tambarare kama chapati, na kazi niliyoianza nikiwa na suruali fupi naikabidhi kwenu. Mtu akikabidhi jembe amestaafu. Na mstaafu ana haki zake: kukohoa kabla ya kusema, kusema "enzi zetu," na kutokatizwa.

Nimeshakohoa. Enzi zetu, korongo halikuwa hivi mnavyoliona. Mnateremka pale sasa hivi mnakuta kivuli, kima wanawatupia makokwa, mnadhani Mungu alilishusha hivyo siku ya tatu. Hapana. Kutoka ukingo wa msitu wa Ngorongoro mpaka kwenye mashamba yetu ya ngwara, zile jamii ya maharage, lilikuwa ni udongo mwekundu uliochanika. Chemchemi ilibaki tope la kulambwa na mbwa. Pembeni yake ilisimama mikaratusi mirefu, imenyooka, mizuri kwa nguzo, lakini inakunywa maji kama wajomba kwenye harusi ya ukoo.

Mama Paskalina ndiye aliyeanzisha haya mambo. Alipika lodge miaka mingi. Watalii wakila supu walikuwa wanamuuliza, yule ndege pale ni nani? Naye anajibu, yule ni ndege. Anasema siku moja alijionea aibu, akaanza kuuliza wazee na madereva majina ya ndege na miti, na alipoacha kazi akarudi kwetu na majina mengi na hasira nyingi, kwa sababu nusu ya miti aliyojifunza jina lake hakuikuta. Akaenda serikali ya kijiji, wakakubaliana mikaratusi ya pale kwenye maji ikatwe, wenyewe wachukue nguzo zao, na korongo lipumzishwe. Hakuna anayelipwa. Kuna chai na maandazi baada ya kazi kila Jumamosi, basi.

Mimi nilijiunga kwa ajili ya maandazi. Atakayewaambia alijiunga kwa ajili ya mazingira, muulizeni alikuwa anafika saa ngapi. Mimi nilikuwa nafika yakitoka kwenye mafuta.

Kazi ya kwanza kupewa ilikuwa vipandikizi vya mkuyu. Mkuyu ni mti mpole, unakata tawi, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, linaota. Nikapewa mzigo wa matawi na mstari mzima ukingoni mwa chemchemi. Nilipanda haraka, nikamaliza kabla ya watu wazima, nikaenda kukaa karibu na karai la maandazi. Wiki zikapita. Mistari ya wenzangu ikatoa majani, wangu ukabaki fimbo.

"Gwandu, hii miti yako imelala?" Mama Paskalina akaniuliza.

"Inapumzika, mama. Ilitoka mbali."

Akang'oa mmoja, akaugeuza, akaugeuza tena. "Mwanangu, umeipanda kichwa chini. Hata wewe tungekupanda hivyo usingechipua."

Mstari mzima, madogo. Kwa hiyo sikilizeni, hii ni elimu ya bure: ukikata tawi mtini, palepale, kabla hujaliweka chini, upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate sawa. Ule wa mshazari ndio unaoingia udongoni. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka, kwa sababu tawi lisilo na majani halina uso.

Na mkibeba maji, wekeni tawi lenye majani juu ya ndoo. Maji yanatulia. Msiponiamini, bebeni bila tawi kupanda ule mlima, mtafika na ndoo nusu na kaptula nzima imelowa, na wasichana watauliza maswali.

Halafu kuna ile dawa ya mbuzi. Kinyesi cha ng'ombe kibichi, maji, majivu kidogo, koroga mpaka iwe kama uji wa shule yenu, ila ile yetu ina ladha. Paka kwenye majani ya mche na shina lake. Mbuzi akija ananusa, anakutazama kama umemtukania mama yake, anaondoka. Msipake mawingu yakiwa meusi, mvua itaosha na mtarudia. Na msimpake mwenzenu. Mimi nilimpaka mwenzangu, akanipaka, tukafukuzwa maandazi wote wawili. Ile ndiyo adhabu pekee iliyowahi kuniumiza mpaka mfupani, nikiondoa ile ninayoelekea kuwasimulia.

Mwalimu wangu mwingine alikuwa kaka Lembris. Huyu mnamfahamu, yule mrefu wa shuka, mlinzi wa gereji pale Karatu mjini. Kwao ni Olbalbal, kule chini kunakokauka mpaka ng'ombe wanatembea siku nzima kufuata maji. Alikuja korongoni mara ya kwanza kupita tu, akasimama akatutazama tunavyojenga uzio wa miiba kuzunguka miche, akacheka mpaka akajishika goti.

"Nani kawafundisha hivi?"

"Kwani vipi?"

"Mashina mmeyaweka nje. Huo si uzio, hiyo ni mipini. Ng'ombe anasukuma, mtu anavuta, fisi anauma anavuta, anaingia kama kwake. Miiba iangalie nje, shina liwe ndani. Kwetu ukikosea hivyo hupati mtu wa kukucheka, watakuwa wameshaliwa."

Tulibomoa uzio wote. Tangu siku ile akawa anakuja kila Jumamosi akitoka zamu, macho mekundu kwa usingizi, anakunywa chai vikombe vingi halafu anatufundisha kusoma ardhi. Chui haachi alama ya kucha. Fisi anaacha, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Pongo anakanyaga kama anaomba radhi.

Mwanzoni sisi tulikuwa watu wa kupanda tu. Mashimo, miche, mashimo, miche. Kiangazi kinakuja kinaivuna yote. Halafu ikatokea sehemu moja uzio ulizunguka visiki vya zamani ambavyo hakuna aliyevijali, na vile visiki vikachipua vyenyewe, vikatupita. Mizizi ilikuwa hai muda wote, ilikuwa inasubiri mbuzi waondoke. Mama Paskalina akasema kuanzia leo tunachimba kidogo, tunalinda zaidi. Nilifurahi na nilikasirika. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya mashimo ambayo kumbe hayakuhitajika. Lakini mringaringa mnaoukalia kivuli, ule mkubwa wa kwenye kona, ulitoka kwenye kisiki. Hakuna aliyeupanda, kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba ni wake.

Miti ikarudi, na wanyama nao wakarudi bila kugonga hodi. Ndege kwanza. Kima. Pongo mmoja mwenye wasiwasi. Na asubuhi moja, kwenye vumbi la njia, nyayo zenye kucha, za mbele kubwa, za nyuma ndogo.

"Karibu," kaka Lembris akaliambia vumbi.

Baada ya hapo tukawa tunamsikia jioni, juu kabisa msituni. Mnaijua ile sauti. Inaanzia chini kama mtu anayeuliza swali asilotaka jibu, halafu inapanda, inakatika juu. Kaka Lembris alitufundisha kusikiliza inatoka wapi na inaelekea wapi. Mimi, kwa bahati mbaya, nina kipaji. Naweza kuiga trekta la jirani linalokataa kuwaka. Naweza kumuiga mkuu wa shule mpaka watu wanasimama. Nikaijaribu ya fisi palepale. Kaka Lembris hakucheka.

"Chalii, mnyama akiita, wewe si wa kumjibu."

"Kwa nini, nitamkosea?"

"Ukimjibu umempa miadi. Utaenda wewe?"

Ningeishia hapo ningekuwa na historia fupi na safi. Lakini kulikuwa na bomba. Kipande cha bomba kilichobaki tulipotengeneza birika la kunyweshea mifugo kule chini, kirefu kama mkono. Nikapuliza sauti ndani yake, na madogo, sauti ikatoka na tumbo. Na kwaya ya kanisani ilikuwa inafanya mazoezi kila jioni, ikimaliza inarudi kwa njia ya korongoni, wasoprano mbele wakicheka, na mimi nilikuwa kichakani na bomba mkononi. Niambieni ninyi mngefanya nini.

Nikaita.

Wasoprano walipiga noti ambayo haijawahi kuandikwa. Besi ndio waliokimbia kwanza, wakawapita akina dada, mmoja amevaa kiatu kimoja. Mwalimu wa kwaya akapanda mti wetu mdogo, mwembamba, ukainama, ukainama, ukamrudisha chini taratibu kama unamkabidhi. Nililala chini nikiuma shati nisicheke kwa sauti.

Kesho yake mtu alikuwa amerekodi. Ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji: "Jamani fisi wameingia, sikilizeni, hao ni zaidi ya mmoja, chukueni watoto." Niliisikiliza sauti yangu mwenyewe kwenye simu ya jirani, watu wameizunguka wamekunja nyuso, na sikuona aibu. Niliona fahari. Zaidi ya mmoja! Nikarudi tena jioni ile, na jioni iliyofuata.

Jioni ile iliyofuata nilijibiwa.

Haikutoka juu kabisa kama kawaida. Ilitoka hapo kwenye kona, na ilikuwa na tumbo kuliko bomba langu. Niliacha bomba. Niliacha na heshima yangu. Nilifika nyumbani nikapitiliza, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

"Unakimbia nini?" mama akauliza. Sisi kwetu Wairaqw mama tunamwita Aayo. Aayo wangu hasemi sana, analima, anauza ngwara, na akiuliza swali huwa jibu analo.

"Mazoezi, Aayo."

Asubuhi mlango wa zizi ulikuwa chini. Bawaba yake ilikuwa imekatika siku nyingi, nikaambiwa niishughulikie, nikaufunga kwa kitambaa cha kanga nikasema imekwisha. Mbuzi mweusi hakuwepo. Yule alikuwa anazaa pacha kila mara, na maziwa yake ndiyo chai ya mdogo wangu. Tulimkuta nyuma ya ngwara, nusu yake. Aayo hakulia. Alichukua kikapu, akasimamisha bodaboda, akaenda mjini, akarudi na chupa ndogo imezungushiwa gazeti. Dawa ya shambani, ile kali ambayo ukiifungua kuku wanahama.

Ilikuwa Jumamosi. Habari ikafika korongoni kabla ya chai. Mama Paskalina akafuta mikono unga, akaja kwetu, mimi nikamfuata nyuma kama mkia.

"Mama Gwandu, pole kwa mbuzi."

"Pole haikamuliwi," Aayo akasema.

"Najua. Lakini ukiweka hiyo kitu kwenye mzoga, hatakufa fisi peke yake. Watashuka tumbusi, watakufa. Mbwa wako atakufa. Ikinyesha inateremka mpaka kwenye chemchemi."

"Mimi nitakunywa ya bomba."

"Bomba la hapa? Lilitoa maji lini?"

"Mama Paskalina." Aayo aliweka jembe chini. "Kabla ya miti yenu, fisi alikuwa kwao na mimi kwangu. Mmempandia nyumba, mmemwekea maji, sasa mnataka nimpe na chakula? Kesho baada ya ibada mwenyekiti ameitisha mkutano. Wote tumechoka. Tutaweka dawa, na baadaye tutafyeka lile pori lote."

Yaani korongo lote. Mashimo yangu, malengelenge yangu, uzio, visiki, maji yaliyoanza kuonekana kama maji. Mama Paskalina akaitazama ile chupa. Alinishika bega kidogo akaondoka, na lile bega lilinichoma siku nzima kwa sababu alidhani mimi ni wa upande wake.

Mchana kaka Lembris alinichukua tukasome nyayo. Nilisema kichwa kinaniuma. Akasema nyayo hazisomwi kwa kichwa. Tukateremka, yeye mbele na fimbo yake, mpaka kwenye kichaka changu. Akachuchumaa.

"Hapa kuna fisi wa ajabu," akasema. "Ana miguu miwili tu."

Nikaanza kutazama kima juu ya miti.

"Tena anavaa raba. Ya kushoto imekatika kisigino." Akaitazama raba yangu ya kushoto kwa upole, kama daktari. Halafu akanyoosha fimbo kwenye majani akatoa bomba. "Na hii ndiyo koo yake."

"Kaka, ilikuwa utani."

"Sawa. Njoo uone waliocheka."

Akanionyesha. Nyayo kubwa zilitoka juu, zikafika pale nilipokuwa nimelala, zikazunguka. Pembeni yake, nyuma kidogo, zilikuwepo nyingine, ndogo, hazifiki kiganja changu, zinapishana pishana kama watoto wanaotoka shule.

"Huyu ni mama," akasema. "Amesikia sauti ngeni kwenye nyumba yake. Kama wewe ungesikia mtu anaita sebuleni kwenu usiyemjua. Ameshuka kuangalia ni nani, hakumkuta, amekuta harufu ya mbuzi na mlango uliofungwa kwa nguo."

"Utawaambia?"

"Mimi? Mimi mtu wa Olbalbal, nikisimama kumtetea fisi watasema nimetumwa naye. Mdomo ulioita ni wako, chalii. Nenda kaombe radhi kwa huohuo."

Sikula usiku ule, na kwetu kulikuwa na makande. Hilo liwatoshe kuelewa hali yangu.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ghala la mahindi. Watu walitoka ibadani na nguo zao nzuri na hasira zao nzuri. Nusu ya mbuzi ilikuwa imeshapelekwa korongoni alfajiri, imefunikwa kwa matawi, inasubiri dawa. Chupa ilikuwa kwenye kikapu cha Aayo, miguuni pake. Kila aliyesimama aliongeza fisi. Mmoja alisikia watatu. Mwingine alisikia kundi zima likicheka nje ya dirisha lake, siku ambayo mimi nilikuwa nimelala. Mwalimu wa kwaya akasema alikabiliana na mmoja uso kwa uso, akamtisha. Mama Paskalina alijaribu kusema, akazomewa: "Kaeni na fisi wenu!"

Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Fisi mliyemsikia ni mimi."

"Gwandu, kaa chini," mwenyekiti akasema. "Leo si siku ya michezo yako."

"Si mchezo, baba. Ni mimi niliyeita."

"Huyu si ndiye alisema shule zimefungwa kwa sababu ya nzige?" mtu akauliza nyuma. Ni kweli, nilisema. Watu wakacheka, wale wa karibu wakanivuta shati nikae, na hapo ndipo nilipouona ubaya wa kazi ya utani kwa mara ya kwanza. Ukiizoea sana, siku ukija na ukweli mkononi hakuna mwenye nafasi ya kuupokea.

Sikuwa na bomba. Nikaweka mikono mdomoni, nikafumba macho, nikaita.

Mbwa wote wa kitongoji walijibu. Mtoto mmoja akaangua kilio. Mama mmoja alinyakua mtoto asiye wake. Mwalimu wa kwaya, aliyekabiliana na fisi uso kwa uso, alikuwa amesimama juu ya benchi, hajui amefikaje. Halafu yule kijana aliyerekodi akatoa simu yake, akaicheza ile sauti, akanitazama, akaicheza tena.

Nikasema yote haraka kabla hawajanifikia. Kichaka, bomba, kwaya, jioni ya tatu, jibu. Nikasema mlango wa zizi nilitumwa kuutengeneza nikaufunga kwa nguo. Nikasema yule aliyekuja ana watoto, nimeona nyayo zao, na hakuja mpaka mimi nilipomwita. Mlio wangu ndio ulioingia kijijini, yeye aliufuata tu. Nikasema kama ni kufyeka, wanifyeke mimi.

Kuna waliocheka. Kuna aliyesema nichapwe, na waliomuunga mkono walikuwa wengi kuliko waliocheka. Mwalimu wa kwaya alitaka nichapwe mara mbili. Mwenyekiti akanyamazisha watu, akajikuna kichwa.

"Mbuzi ni wa Mama Gwandu," akasema. "Mzoga ni wake, dawa ni yake, na huyu mtundu ni wake. Sisi tutafanya atakachosema yeye. Mama Gwandu?"

Aayo aliinuka, akajifunga kanga upya, akachukua kikapu chenye chupa, akapita katikati ya watu. Hakunitazama. Nilitaka kumfuata, Mama Paskalina akanishika mkono: "Muache. Umeshasema vya kwako." Mbele ya ghala njia inagawanyika, moja inateremka korongoni, nyingine inakwenda barabara ya lami. Watu walikuwa wamejaa, sikuona alishika ipi.

Nilienda nyumbani. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaenda kwenye zizi. Nilitafuta bawaba kwenye sanduku la baba. Baba yangu anaendesha lori la vitunguu, vyuma vyake viko kila mahali isipokuwa pale unapovitafuta. Nilipata moja iliyopinda, nikainyoosha kwa jiwe. Nikakata miiba, nikazungushia zizi lote, miiba nje, mashina ndani. Kila mbwa aliyebweka upande wa korongo nilisimama kusikiliza kama analia.

Madogo, nitawapa ushauri wangu wa mwisho hapa hapa, kwa sababu nikimaliza kusimulia sitasema kitu. Mtafundishwa mengi kule chini, namna ya kukata mkuyu, namna ya kupaka miche, na mtakosea yote na hakuna kitakachokufa ila fimbo. Lakini wale wanyama hawajui kwamba mnatania. Kima akiona unarusha jiwe, kwake ni jiwe. Yule mama aliposikia mlio wangu, kwake ulikuwa mlio. Chekesheni watu kadiri mnavyoweza, mimi nimewachekesha mpaka maiti kwenye msiba wamenivumilia. Wanyama waacheni na mambo yao.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya msitu Aayo aliporudi. Nilikuwa nimeshika mlango kwa goti, nagonga msumari. Alitua kikapu mlangoni. Kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, Aayo."

Hakuitikia. Alisukuma mlango wa zizi kwa mguu, ukagoma. Akausukuma tena kwa nguvu, ukagoma. Akavuta mwiba mmoja wa uzio kwa nje, haukutoka. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini, na vumbi la korongoni na vumbi la barabarani kwetu ni jekundu lile lile, halisemi mtu ametoka wapi. Mdogo wangu alitoka ndani akasimama katikati yetu, akatutazama kwa zamu. Aayo akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akavua viatu, akavigonga kimoja kwa kingine.

Akasema: "Dawa nimeirudisha dukani. Yule kijana wa duka akaniuliza, 'Vipi mama, fisi amepatikana?' Nikamwambia amepatikana. Nimemzaa mwenyewe, sasa nimpe sumu gani?"